Pumzi ya Mwonjaji

"Birika limechemka."

Maneno mawili. Simu ikakatwa.

Thavamani aliidumbukiza Nokia mkobani, akajitazama kwenye kioo cha gari, akazipanga bangili zake mkononi.

"Amefika," alisema. "Kanyaga mafuta, Upali."

"Nimekanyaga tangu Haputale, nona. Hili ni HiAce, si ndege."

"Basi liombe radhi, kisha ulikanyage tena."

Upali alibwia kipande cha mwisho cha wade, zile bajia za dengu, akajipangusa mafuta kwenye paja la suruali, akaingiza gia. Gari likalia. Kona moja ya mlima, kona nyingine, ukungu mzito mbele ya kioo. Upande wa kulia genge. Upande wa kushoto chai. Juu chai, chini chai. Mtu akiporomoka huku hafi kwa kukosa chai.

Wawili hawa walikuwa watu wa Idara. Idara haina bango wala jengo, na ukiiulizia Colombo utaulizwa umekula nini leo. Upali alikuwa dereva na mwenzake Thavamani kazini. Thavamani ndiye aliyekuwa akitumwa pale wanaume wenye mabega mapana waliposhindwa, na wakishindwa walikuwa na visingizio vizuri sana.

Safari hii walishindwa kumjua mtu mmoja. Mwonjaji.

Hakuna aliyejua sura yake. Kilichojulikana ni kazi yake: kuingia mahali penye chakula cha watu na kuacha sumu. Sasa alikuwa amelipwa na wafanyabiashara wa ng'ambo wanaotaka chai ya kisiwa hiki iogopwe duniani. Unga mweupe, hauna ladha, hauna harufu. Ungemwagwa kwenye majani mabichi ya kiwanda cha Glenorra. Majani yangesokotwa, yangekaushwa, yangepakiwa. Halafu mtu fulani huko mbali angeinywa, akaanguka, na kesho yake hakuna ambaye angenunua hata gunia moja.

Hiyo ndiyo hesabu ya wakubwa. Thavamani alikuwa na yake.

Chai nzuri hupanda meli. Lakini yale makapi ya mwisho, lile vumbi linalobaki chini ya chekecheo, haliendi mbali. Kila mwezi kiwanda huwapa wachumaji vumbi hilo, kila mtu kifuko chake. Hupelekwa moja kwa moja kwenye layini, zile safu za vyumba wanamoishi, na jioni hiyohiyo kila jiko linachemka. Mgao ulikuwa Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi.

Kabla Mzungu yeyote hajaunguza ulimi, layini nzima ingekuwa imekwisha kulala chini.

Kwenye chumba chenye mlango wa buluu, layini ya juu kabisa, alikaa mchumaji mmoja mkongwe mwenye mdomo mchungu kuliko shubiri. Jina lake Kaliamma. Alimzaa Thavamani.

Hereni ya kushoto ilikwaruza. Ndani yake mlikuwa na redio ndogo kuliko punje ya mtama.

"Unanisikia?" Sauti ya Kanali, mkuu wake.

"Nakusikia."

"Yumo katika kundi la wageni wa mchana huu. Wako wanne, wewe wa tano. Mtoe kabla hajamwaga."

"Kwa nini tusifunge kiwanda?"

"Tukifunga, atatoweka. Wiki ijayo ataingia kiwanda kingine, na huko hatutakuwa na habari."

"Na bastola yangu?"

"Langoni wanapekua. Iache garini. Wewe ni mke wa daktari wa meno, hebu kuwa na adabu kidogo."

Thavamani akaitoa Beretta kwenye mkoba, akamkabidhi Upali.

"Usiende kantini," alimwambia.

"Mimi? Kantini? Nona, unanidharau."

---

Kiwanda cha Glenorra kilisimama juu ya kilima, ghorofa nne za mabati meupe, madirisha safu kwa safu. Kilinguruma. Harufu ya chai ilimpiga Thavamani kifuani, akakumbuka bega la baba yake, mchunga tanuri la hapahapa, alilokuwa akibebwa juu yake. Akaimeza kumbukumbu hiyo upesi. Mke wa daktari wa meno hana kumbukumbu za tanuri.

Mtembezaji wageni alikuwa msichana mmoja aitwaye Nayomi, aliyenuna tangu langoni. Nadhani alinuna tangu kuzaliwa.

"Simu, mikoba, kamera, humu sandukuni. Vaeni kofia za wavu. Vaeni mifuko ya miguu. Msiguse kitu." Alimsogelea Thavamani, akanusa shingo yake bila haya. "Wewe umejipaka manukato."

"Kidogo tu, dada."

"Kidogo chako kitaingia kwenye magunia yangu. Chai hunusa kila kitu. Nenda kanawe."

Thavamani akaenda kunawa. Aliporudi, aliwapima wenzake mmoja mmoja.

Kulikuwa na bwana na bibi harusi kutoka Kandy, wamenyang'anywa simu, wamebaki wanatazamana kama watu waliofiwa. Kulikuwa na Mjerumani mmoja, pande la mtu, aliyegoma kutoa Leica yake.

"Nimelipa tiketi!" alifoka.

"Umelipia macho," Nayomi akamjibu. "Hukulipia picha."

Wa nne alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya majani makavu juu ya ile ya wavu, aliyejitambulisha kwa kila mtu, hata kwa mlinzi. Pieter Vos, fundi saa mstaafu kutoka Rotterdam. Alikohoa. Mlinzi alimpekua, akamkuta na kijikopo cha peremende za kifua, akakifungua, akaona peremende, akamrudishia. Mzee akamshukuru kwa kuinamisha kichwa.

Macho ya Thavamani yalikwama kwa Mjerumani. Mkono wake haukutoka kwenye ile kamera. Ndani ya lenzi ya Leica unaingia unga wa kuua kijiji.

Wakati huo akaja dorai mdogo.

Huku juu meneja huitwa dorai, na msaidizi wake ni dorai mdogo. Huyu wa Glenorra aliitwa Dalugama: kaptura nyeupe, soksi mpaka magotini, masharubu yamechongwa. Aliwasalimu Wazungu kwa mkono. Thavamani akasalimiwa kwa macho yaliyopita juu ya kichwa chake.

"Karibuni. Wahini, ukungu unashuka," alisema. "Nayomi, wapeleke ghorofani kwanza."

Wakapanda.

Ghorofa ya juu ndiko kunakonyaushwa majani. Vitanda virefu vya wavu vimetandazwa majani mabichi mpaka kifuani mwa mtu, kila kitanda na feni yake kubwa kichwani, ndani ya kichumba cha bati chenye mlango na kidirisha cha kioo. Upepo huingia chini ya kitanda na kupanda kupitia majani. Feni zilikuwa zinavuma hivi kwamba Nayomi alilazimika kupiga kelele, na alizipiga kwa furaha.

"Upepo unatoka chini! Basi ya chini yananyauka kwanza! Alfajiri tunageuza feni, upepo unarudi nyuma, ya juu nayo yanyauke! Hii swichi nyekundu! Juu kusukuma, chini kurudisha! Msiguse!"

Mjerumani aliuliza feni ina nguvu kiasi gani. Thavamani akamsogelea zaidi.

Mzee Vos hakuuliza kitu. Alikuwa amechukua jani moja, analizungusha kwenye vidole, wala hasikilizi habari za swichi.

Wakashuka. Wakapita mashine za kusokota zinazozunguka na kulia, wakapita meza ambako majani yaliyopondwa hubadilika kutoka kijani kuwa shaba, wakapita tanuri. Thavamani hakulitazama tanuri. Wakaingia chumba cha kuchekecha, walimo wanawake wengi waliojifunga vitambaa puani, na hakuna aliyewainulia macho. Wageni huja na kwenda, vumbi hubaki kwenye mapafu yao.

Nayomi akachota chai kavu kwenye beseni, akammiminia kila mtu kiganjani.

"Nuseni."

Bibi harusi akanusa, akapiga chafya, chai ikamrukia mumewe. Mjerumani akatumbukiza pua kiganjani, akaitoa nyeusi, akacheka peke yake.

Mzee Vos akafumba ngumi.

Akaileta mdomoni. Akapuliza pumzi ndani yake, polepole, pumzi ndefu ya moto. Kisha ndipo akaipeleka puani, akafumba macho.

Moyo wa Thavamani ukaruka.

Chai kavu ni bahili. Ukiinusa hivihivi inakupa vumbi tu. Mpaka uipashe kwa pumzi yako, ndipo inapotoa siri zake. Mgeni halijui hilo. Aliyekulia kwenye chai, au aliyekula maisha yake kwa kuionja, hafikirii hata kidogo. Hupuliza kama mtu anavyojikuna palipomuwasha.

Fundi saa wa Rotterdam hapulizi chai.

Umepatikana, mzee wangu! Za mwizi arobaini! Thavamani akataka kutabasamu, na hapo ndipo alipohisi joto kwenye vidole vyake mwenyewe.

Ngumi yake ilikuwa mdomoni.

Naye alikuwa amepuliza.

Loo! Miaka yote ya mafunzo, viapo, majina bandia, na mkono ukafuata alichofundishwa na baba yake mbele ya tanuri kabla hajaota meno ya utu uzima. Mke wa daktari wa meno wa Colombo hapulizi chai vilevile.

Mzee Vos alifumbua macho. Wakatazamana juu ya ngumi mbili.

"Bibi ananusa vizuri," mzee alisema, akitabasamu. "Mume wako anaziba meno kwa chai?"

"Na wewe, bwana? Kwenu saa zinapulizwa pumzi ndiyo zitembee?"

"Zile za zamani tu." Akakohoa, akagusa kijikopo chake. "Samahani. Kifua. Choo kiko wapi?"

Dalugama alikuwa mlangoni. Hakumwonyesha choo. Alimwonyesha ngazi.

Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako. Langoni walimpekua Mwonjaji huku mwenyeji wake akiwa ndani, amevaa soksi ndefu.

---

Thavamani alinong'ona kwenye hereni. "Ni Vos. Mzee wa kofia. Sumu imo kwenye kopo la peremende. Dorai mdogo ni wao. Wanapanda."

"Upali!" Kanali aliguta. "Upali, uko wapi?"

Ikaja sauti ya mtu anayetafuna.

"Niko njiani, mkuu."

"Njiani kutoka wapi?"

"Kantini."

"Lahaula!"

Thavamani alikwisha kuigeukia ngazi. Nayomi akamzibia njia, mikono kiunoni.

"Huko tumeshapita!"

"Nimeangusha bangili, dada."

"Unazo zote mkononi, mimi si kipofu! Nyie watu wa Colombo mna—"

Hapakuwa na nafasi ya adabu. Thavamani akamshika mabega, akamzungusha, akamkalisha ndani ya beseni la chai. Akapanda ngazi mbilimbili, mifuko ya miguuni ikiteleza. Akaivua akiwa anakimbia.

Ghorofa ya kwanza.

Ya pili.

Ya tatu, ambako vitanda vilivuma.

Mwisho wa kitanda kikubwa kuliko vyote, mlango wa kichumba cha feni ulikuwa unajifunga. Kupitia kile kidirisha aliiona kofia ya majani makavu.

"Simama hapohapo."

Dalugama alitokea nyuma ya nguzo. Bastola mkononi, Browning, inameta kama viatu vyake.

Thavamani akasimama. Mgongo wake ulikuwa ukutani.

"Nilikuwa najiuliza," alisema Dalugama, "sura hii nimeiona wapi. Mpaka ulipopuliza. Ulipopuliza, nikamwona baba yako waziwazi. Wewe ni mtoto wa Suppaiya wa tanuri."

"Na wewe ni yuleyule aliyekuwa akitupimia majani kwa mizani ya uwongo. Umenenepa, dorai."

"Mtoto wa layini amevaa dhahabu! Dunia imekwisha."

"Unajua kilichomo kwenye lile kopo?"

"Najua nilicholipwa."

"Jumamosi wanagawa vumbi. Wachumaji wako watakunywa kwanza. Watoto wao pia. Mtu mia tatu, dorai. Watu waliokubebea maji ya kuoga."

Dalugama aliinua bega moja, akalishusha.

"Vumbi ni la watu wa layini," alisema. "Mimi kwangu nanywa daraja la kwanza."

Hasira ilimpanda Thavamani. Alitaka kumrarua kwa kucha. Alimwona mama yake akipuliza moto jikoni, sufuria nyeusi, kifuko cha vumbi kimefunguliwa kwa meno. Akaibana hasira hiyo, akaituliza. Hasira haijawahi kumpokonya mtu bastola.

Ndani ya kidirisha, mzee alikuwa amelifungua kopo. Peremende alizimwaga chini. Akabandua sehemu ya chini kwa ukucha. Akafunga pua na mdomo kwa leso. Akanyoosha mkono kuelekea mdomo wa feni.

Bega la Thavamani lilikuwa limegusa kitu ukutani.

Swichi nyekundu ya kitanda kile.

Juu kusukuma, chini kurudisha.

Akaibamiza chini.

"Umefanya nini?" Dalugama akacheka. "Umezima taa?"

Feni ikaanza kulegea. Mngurumo ukawa mvumo, mvumo ukawa mguno. Majani yaliyokuwa yakitetemeka juu ya kitanda yakatulia. Kwa mara ya kwanza upande ule wa ghorofa pakawa na nafasi ya mtu kusikia maji yakidondoka paani.

Ndani ya kichumba, Mwonjaji alisita. Unga kama ungemwagwa kwenye feni iliyokufa ungebaki palepale kama chumvi sahanini. Akasubiri. Akagonga chuma kwa vidole. Kisha akafanya ambacho kila mtu hufanya mashine ikizima ghafla: akainama kuchungulia.

Akashusha leso aone vizuri.

Kopo likiwa wazi mkononi, kidevu kikiwa kwenye mdomo wa feni.

Huyu bwana alikuwa amekunywa chai za dunia nzima, angekutajia kilima kwa kuonja tone moja. Kikombe alikijua. Feni hakuijua hata chembe, na Nayomi alipoieleza yeye alikuwa anachezea jani.

Feni ikashtuka. Ikakohoa.

Ikaanza kuzunguka kinyume.

Vuuu!

Upepo wote wa kitanda kile ulirudi kwa njia moja, ukatokea mdomoni mwa feni, ukakutana na kopo. Kichumba kikajaa weupe. Kofia ikaruka. Kidirisha kikapakwa ukungu mweupe kwa ndani.

Dalugama akageuza kichwa. Nukta moja tu.

Inatosha.

Thavamani alikumba majani mabichi kwa mikono miwili, akamtupia usoni. Risasi ikalia, ikatoboa bati la paa. Akaingia chini ya mkono wake, akaupinda, kiwiko kikaalika. Bastola ikaanguka ndani ya majani. Dorai mdogo akalia kwa kilugha cha kwao, akimwita mama yake. Thavamani akavuta bangili moja, waya mwembamba wa chuma ukachomoka, akamfunga mikono nyuma ya nguzo kama mzigo wa kuni.

"Kaa hapo," alisema. "Dhahabu hiyo ni ya serikali, usiikwaruze."

Akaenda kwenye kichumba. Akalivuta komeo, akaufunga mlango kwa nje.

Vuup, vuup, kiganja kilikuwa kinapiga kioo.

Mwonjaji alikuwa amebana pumzi. Mashavu yametuna, macho yametoka, nyusi na nywele nyeupe pepepe. Alionyesha mlango. Alionyesha komeo. Aliunganisha mikono kifuani, akaomba kama waombavyo watu hekaluni.

Mkono wa Thavamani ulikuwa juu ya komeo. Mlango ukifunguliwa, ule weupe ungemwagika ghorofani, ungeshuka kwa ngazi, na chini walikuwepo wanawake wa chekecheo, wamejifunga vitambaa vya kanzu kuukuu. Alimtazama mzee yule machoni. Alitaka kumchukia kwa utulivu, akashindwa. Alimchukia huku anamwonea huruma, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Samahani, bwana," alisema, mdomo karibu na kioo. "Chai hunusa kila kitu."

Akautoa mkono kwenye komeo, akaenda kuizima feni.

Mtu hujizuia kula. Hujizuia hata kulala. Pumzi haina mwenyewe. Mzee alipiga kioo mara ya mwisho, kisha mdomo ukafunguka wenyewe, akavuta.

Pumzi ndiyo iliyomtaja. Pumzi ndiyo iliyommaliza. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hatua zikasikika kwenye ngazi. Upali akatokea anahema, Beretta mkono mmoja, wade mkono mwingine. Akamtazama dorai mdogo amefungwa nguzoni. Akatazama kile kidirisha. Akasogea nyuma.

"Nimechelewa?"

"Nipe hiyo."

Upali akampa bastola.

"Si hiyo. Hiyo nyingine."

Akampa wade. Thavamani akaitafuna yote amesimama. Halafu akagusa hereni.

"Kanali. Mwonjaji ameonja."

"Majani?"

"Hayakuguswa. Upepo ulikwenda kwake."

"Sitaki kubahatisha. Kiwanda kifungwe. Wataalamu wanakuja na mavazi yao. Kila chai iliyomo ndani, mbichi, kavu, vumbi, ichomwe."

"Vumbi pia?"

"Yote. Tutatangaza kwamba tanuri limeharibika."

Thavamani akafikiria Jumamosi.

---

Jumamosi alipanda layini kwa miguu, amevaa sari ya bei rahisi, begani mfuko wa mikate. Kwa mama yake, Thavamani alikuwa anauza nguo kwenye duka moja la Pettah, mjini Colombo, kazi isiyo na maana, na mume hajapata.

Kaliamma alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wa buluu, miguu ameinyoosha, vidole vyeusi vya utomvu wa chai.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukuona, amma."

"Umeniona. Kaa basi." Akatema tambuu nje ya uzio. "Huna habari za mjini? Hapa sisi tunazo. Wezi wale! Wametunyima vumbi! Vumbi! Eti tanuri limeharibika. Limeharibikaje? Baba yako alilichunga miaka yote hiyo, halijaharibika hata siku moja!"

"Labda limechoka."

"Wewe unajua nini kuhusu chai? Kauze sari zako." Mama mtu aliwasha moto kwa hasira, cheche zikaruka. "Nasikia Mzungu mmoja alikufa kule juu kwa kifua. Basi wakafunga kiwanda. Mzungu mmoja! Sisi vifua vinatuua kila mwaka, nani ametufungia hata dirisha? Layini nzima tunakunywa maji ya moto na sukari guru. Kama wagonjwa!"

Kwenye vyumba vya jirani watoto walikuwa wanagombana, mwanamke anaimba na kukosea maneno, mtu anampigia kelele mbuzi. Wote hai. Wote wamenuna.

"Pole, amma," alisema.

"Pole haichemki."

Kaliamma akavuta kikopo kilichobonyea kutoka chini ya kitanda. Akakikung'uta kiganjani. Likatoka vumbi la mwezi uliopita, halijazi hata kijiko. Akafumba ngumi, akaileta mdomoni, akapuliza pumzi ndefu ya moto, akanusa.

"Bado ina uhai," alisema. Akamnyooshea bintiye ngumi. "Haya, na wewe."

Thavamani akaishika ile ngumi ngumu kwa mikono miwili. Akapuliza. Akanusa. Macho yakamwasha, na hakutaka kuulizwa.

"Moshi," alisema.

"Baba yako alikuharibu. Hata moshi haumlizi mtu hivyo." Kaliamma akalimwaga vumbi lote sufuriani. Likachemka. Likatoka bilauri moja tu, nyekundu kama shaba. Akaisukuma kwa bintiye.

"Na wewe?"

"Mimi nimezeeka, maji yananitosha. Kunywa, usinitazame."

Mkobani simu ikatetemeka. Thavamani akaitoa, akaipeleka sikioni. Chini ya kilima HiAce ilikuwa inapiga honi.

"Uko wapi?" Sauti ya Kanali. "Taarifa yako iko wapi? Waziri ananisubiri. Thavamani! Unafanya nini huko?"

"Nakunywa chai."

Maneno mawili. Akaikata simu.

Akainywa mpaka tone la mwisho, akaisuuza bilauri, akaifunika mahali pake. Akainama, akagusa miguu ya mama yake. Kisha akashuka kilima taratibu katikati ya ukungu, na nyuma yake Kaliamma alikuwa bado anawatukana wezi wa vumbi.